Shika Breki, Acha Stage

Skia buda. Leo nimetoka keja Umo saa kumi na mbili na robo. Saa moja na dakika tano niko Westi, baisko imefungwa, shati imebadilishwa, chai iko mkono. Beshte yangu wa ploti moja alipanda mathree dakika kumi kabla yangu. Saa mbili kasoro akanitext: "Niko Muthurwa. Tumesimama." Alikuwa ile siti ya nyuma kabisa, magoti kwa kidevu, woofer inamchapa mgongo, na konda ashamwitisha soo. Soo mzima, msee. Soo ya kuketi Muthurwa.

Na bado mtu anakuja kuniuliza gari nitanunua lini.

Wacha tupige hizo hesabu pole pole, juu doh ni doh. Umo mpaka tao, siku ya jua na konda hana tamaa, ni 80. Tao mpaka Westi, 50. Hiyo ni 130 ya kuenda, 130 ya kurudi. Siku 22 za job kwa mwezi, unaongea 5,720. Na hapo mvua haijanyesha. Mvua ikidondoka tu tone moja kwa windscreen, konda anabadilika sura, 80 inageuka 150 na hakuna mtu wa kushtaki. Baisko yangu niliokota Gikosh na thao kumi na mbili. Miezi miwili na kitu, imejilipa. Tangu hiyo siku kila mwezi naona doh yangu imekaa tu kwa simu, imenona, inaniangalia. Unakumbuka Septemba 2023, petroli ilivuka soo mbili Nairobi, ikagonga 211.64 lita? Mtaa wote ulikuwa unalia. Mi hiyo asubuhi niliweka upepo ya ashu na nikaishia.

Lakini doh sio ile kitu inanibamba zaidi. Kinachonibamba ni masaa. Ukiwa stage, wewe ni mali ya watu. Dere hajashiba, mnangoja. Konda anataka watu wawili zaidi, mnangoja. Karao amesimamisha, mnangoja mkiangaliana. Kwa baisko nikisema natoka, nimetoka. Nikisema nitafika na dakika hamsini, nafika na dakika hamsini, jam iwepo isiwepo. Kwa hii Nairobi, nionyeshe sonko gani anaweza kukuambia saa yake ya kufika na asikosee.

Sasa, kununua. Usiende Gikosh umedunga kama unaenda harusi, watakunyoa bila maji. Vaa ile tisheti ya kufua. Fika mapema, wakati mabeli ndio yanafunguliwa, juu baisko hutoka na makontena kama mitush tu: ex-UK, ex-Japan, zingine na stika za shule ya mtoto wa huko. Msee atakuambia "hii ni kamera, bro, bado ina harufu ya ndege." Mwache abonge. We inua gurudumu ya mbele, izungushe, weka kidole karibu na rimu. Ikicheza kushoto kulia, hiyo rimu imepinda, shusha bei. Shika breki ya mbele, sukuma mbele nyuma. Ukiskia kitu inasema "tok tok" kwa shingo, shusha tena. Kisha igeuze juu chini uangalie pale pedali zinashikana na fremu, polepole, na tochi ya simu. Crack hujificha chini ya rangi mpya. Baisko imepakwa rangi fresh sana, fresh kupita umri wake, hiyo tembea. Yangu ilikuwa na rangi imechubuka ka goti la mtoto wa Jericho, na chini ya hiyo rangi chuma safi. Alianza na thao ishirini. Nilimwachia namba, nikaenda kula chapo mdondo, akanipigia kabla sijamaliza.

Kuna upande ule mwingine, mababi wa Lavi na Karen. Baisko ya carbon, laki tano, laki sita, unaiinua na kidole kimoja. Bei ya Vitz imetembea. Ni machine, siwezi ibeef, zikipita huwa nageuza shingo. Lakini hiyo baisko huoni ikifungwa nje ya supermarket hata dakika mbili. Inatoka Sunday, imebebwa juu ya V8, ikazungushwe Karura, irudishwe ilale. Ya kwangu inaenda job. Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi inabeba unga.

Ndio unanunua rahisi lakini usinunue ujinga. Kufuli ya nguvu, ile ya U, toa doh. Waya nyembamba ya soo tatu hukatwa na mkasi wa fundi umeme kabla we uagize chai. Taa ya nyuma nyekundu, ya mbele nyeupe, toa doh. Helmeti, toa doh, na uivae kwa kichwa, sio kuitundika kwa stelingi kama sufuria inauzwa. Hapo sicheki na mtu. Nimeona msee akiokotwa Outering na nikaona helmeti yake vile ilikuwa imepasuka katikati kama nazi, na yeye ameketi kando ya barabara anaitisha maji. Anaongea. Hiyo nazi ingekuwa kichwa.

Kisha pata fundi. Wetu huketi Mutindwa, chini ya mwamvuli wa kampuni ya simu, na karai ya maji meusi mbele yake. Nikileta pancha haulizi kitu. Anageuza baisko, anachomoa tairi na spana mbili bapa bila hata kuangalia, anavuta tyubu nje kama matumbo ya kuku. Anaijaza upepo, anaizamisha kwa karai, anaizungusha inchi kwa inchi. Halafu zinakuja: bubbles ndogo, laini moja, zinapanda. Anaweka kidole hapo. Anapangusa, anakwaruza na msasa mpaka mpira unakuwa kijivu, anapaka solushe, anapuliza. Na hapo ndio utajua fundi wa ukweli. Yule feki anabandika kiraka saa hiyo hiyo. Huyu wetu anangoja. Anawasha story ya Gor na Ingwe, anaongea dakika tatu, anagusa solushe na mgongo wa kidole, kama bado inanata sana anaongea dakika ingine. Kisha kiraka, kisha nyundo, tap tap tap. Kabla arudishe tyubu anapitisha mkono ndani ya tairi yote, polepole, mpaka atoe ule mwiba. Chwani. Shilingi hamsini kwa kazi imefanywa na hiyo heshima. Mi humwachia mbao juu yake kila saa.

Rada ya barabara sasa. Jogoo Road saa kumi na mbili na nusu ni shule. Ukitoka Rabai Road ukiingia pale, harufu ya kwanza ni dizeli, ya pili ni mandazi. Mama wa uji ashafungua. Kuanzia Hamza mathree zinapigania kila mtu amesimama na begi. Na siri ya kupona hapo ni hii: usiangalie mathree, angalia konda. Konda amekaa ndani ametulia, gari inaenda. Konda amening'inia mlangoni, mguu mmoja hewani, macho yake kwa watu wa stage, buda, hiyo gari inakata kushoto sai sai, indicator au bila indicator. Akigonga bodi, we ushashika breki. Nganya ikiwa na graffiti kali na mziki inatetemesha manhole, ipe nafasi mbili, juu dere wa hiyo anaendesha ka ameitwa na mziki, hajaitwa na abiria.

City Stadium ni roundabout ya wanaume na wanawake waliokomaa. Unainua mkono, unaangalia dere kwa macho, unaingia. Ukiinua mkono na uoga ndani, anauona. Landhies nayo ni ya mikokoteni. Marikiti iko hapo, lori za viazi na matikiti zimetoka usiku, msee wa mkokoteni anavuta uzito siwezi hata kuuhesabu na anapiga mluzi, "sooo, sooo," na hiyo mluzi unaheshimu hata kama una haraka. Chunga maji. Usiwahi amini dimbwi la Landhies. Chini ya hilo dimbwi kunaweza kuwa lami, kunaweza kuwa shimo, kunaweza kuwa manhole iliuzwa kifuniko. Na zile drain zenye vyuma vimelala kwa urefu wa barabara, zinameza gurudumu nyembamba kama samosa. Zikate kwa mshazari.

Sasa tuingie kwa vitu za kuchoma picha, juu ziko, na wasee wanazifanya mchana.

Kiti chini. Manze. Mtu mzima, miguu mirefu, kiti imeshushwa mpaka magoti yanapita stelingi, anapedal kama panzi. Inua kiti! Mguu ukifika chini ya pedali unafaa ukaribie kunyooka. Hapo goti halitauma na utapanda mlima bila kulia. Ingine ni suruali kuliwa na cheni. Mguu wa kulia una alama ya grisi kila siku, hadi wenzako wa job wanajua wewe ndio umeingia lift. Kunja hiyo suruali, ama weka soksi juu, ama funga na raba ya sukuma wiki, bei yake ni bure. Earphones masikio zote mbili kwa Jogoo Road, huyo anatafuta mamake aitwe. Kuendesha bila taa usiku umedunga nguo nyeusi, huyo pia. Na lycra. Lycra ya kubana ukienda race, sawa, imeweza. Lycra kwa mkutano na HR, zii. Watu wanakula.

Jasho? Jasho ni story ya watu hawajawahi jaribu. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, asubuhi ni baridi, na Julai unaweza fika job ukitafuta jua. Mi nabeba shati imekunjwa kwa karatasi ya plastiki, kitambaa kidogo, deo. Dakika nne washroom. Kuna dem wa Buru tunapatana njiani, yeye hukata kuenda Upper Hill, ile mlima yote. Anaipanda akiwa ameketi, gia ndogo, hana haraka, anapita wanaume wamesimama kwa pedali wakipumua kama mvukuto. Akifika anaingia chooni na raba, anatoka na blazer na heels. Ma-aunty zake wanamwambia baisko itamharibia mwendo. Anti, huyu ndiye mtu ana mwendo hapa.

Pale kwetu job kuna soja wa gate. Kila asubuhi, kila asubuhi ya Mungu, ananisimamisha. "Delivery ya nani?" Si delivery, soja, mi hufanya kazi hapa. Anacheki baisko, anacheki badge, anacheki baisko tena. Gari ikija nyuma yangu, hata kama ni mkebe inatoa moshi, gate inafunguka yenyewe na saluti juu. Parking ni slots mia na kitu za magari na hakuna chuma hata moja ya kufungia baisko. Niliandika email. Nikaandika ingine. Saa hii nafunga kwa bomba ya maji nyuma ya jenereta, na wiki iliyopita nilipata kuna baisko zingine mbili hapo. Tatu, buda. Tunakuwa base.

Lakini wazee. Wah, wazee.

Mbuyu wangu anaamini nilisomeshwa bure. Kwake yeye baiskeli ni ya kubeba maziwa na mkate, mtu wa degree anafaa kuwa na dinga, hata kama dinga inalala kwa mekanika. "Watu wataniuliza nini?" Hiyo ndio swali yake. Watu. Hao watu hawajawahi kunilipia fare. Sasa Disemba nikafungua albamu ya mathe, ile ya plastiki inashikana shikana. Nikapata nani? Mbuyu. Picha ya studio, suruali ya bell-bottom, afro kama mti, na mkono umelazwa juu ya Raleigh nyeusi imepanguswa mpaka inang'aa, na kengele mbili. Kengele mbili! Mathe akaniambia hiyo baiskeli ndio alimkatia nayo, alikuwa anapita kwao jioni akipiga kengele. Nimefremu hiyo picha. Iko kwangu sitting room, juu ya TV.

Wazee wanasahau haraka. Hata boda boda yenyewe, hii wanapanda wakienda kanisa, ilianza ikiwa baiskeli huko Busia na Malaba, msee anakuvusha kwa keria kutoka boda moja mpaka ingine. Wanasema baisko haipeleki mtu mahali. Chris Froome alizaliwa hapa Nairobi 1985, na msee alimwonyesha njia ni David Kinjah, rasta kichwani, kutoka Mai-a-Ihii huko Kikuyu, mahali vijana wamekuwa wakifunzwa baisko na kuifungua na kuifunga wenyewe. Froome alikuja kushinda Tour de France mara nne, ya kwanza 2013. Milima za kwanza alizopanda ni za hapa, hizi hizi.

Na kuna Suleiman Kangangi. Hapa nashusha sauti. Kapteni wa Team Amani, msee alitaka watoto wa East Africa wakimbize baisko na dunia nzima, na alikuwa anawavuta akiwa mbele. Agosti 2022 alianguka kwa race ya gravel huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Hiyo wiki kila mtu wa baisko namjua alikuwa kimya. Nikipita na upepo mbaya usoni, nikitaka kushuka, huwa namkumbuka, na sishuki.

Barabara, sasa. Hiyo Expressway waliijenga kilomita 27, Mlolongo mpaka Westi, ikafunguliwa 2022. Inapita juu ya kichwa changu kila siku pale Uhuru Highway. Baisko haikubaliwi, hata nduthi, hata tuktuk. Sawa, kaeni nayo huko juu. Lakini huku chini mtupee mita mbili. Kaunti ilikuwa na sera tangu 2015, imeandikwa kabisa, asilimia 20 ya doh ya barabara iende kwa watu wa miguu na baisko na usafiri wa umma. Ishirini! Mi hiyo 20 naitafuta kila siku kuanzia Hamza mpaka City Stadium, na macho yangu ni mazima. Mahali laini ya baisko iko, kama Ngong Road, ukiingia unapata nduthi imelala hapo, msee wa smokie ameweka troli, na Prado imepanda na hazard inawaka "dakika moja tu." Sibishani na wa smokie, huyo anatafuta. Wa Prado ndio nasimama mbele yake, napiga kengele mpaka ashushe kioo.

Na ndio maana naenda Critical Mass mara kwa mara, ile ride ya pamoja. Mamia ya baisko kwa barabara moja, mtoto wa BMX akipiga willy, babi na carbon yake, mzee na Black Mamba ya chuma, dem na baisko ya kikapu. Magari yanangoja. Hiyo siku moja, magari ndio yanangoja.

Jioni ndio naipenda zaidi, juu jioni sitoki peke yangu. Nikifika City Stadium saa kumi na mbili, Lusaka Road inatapika watu wa Indaa. Mafundi, wa viwanda, wa godown, overall bado iko mwilini, chakula ya jioni imefungwa kwa keria na mpira. Kitu baisko thelathini, arubaini. Hakuna mtu anasalimia mtu lakini kila mtu anajua laini yake. Wa mbele akiona shimo ananyoosha kidole chini, wa pili ananyoosha, inakuja mpaka nyuma ka SMS. Mathree ikiona hiyo mbogi inapunguza. Msee mmoja peke yake ingemfinya, arubaini inafikiria mara mbili. Tunapanda Jogoo hivyo, taa nyekundu zimepangana, mpaka watu wanaanza kumwagika moja moja: Makadara, Maringo, Buru, Donhi.

Alhamisi ilinyesha. Ile mvua ya kuangusha mabati. Nilidunga raincoat na suruali ya mvua, nikaenda mdogo mdogo, nikafika Umo saa moja nikiwa nimelowa miguu tu. Nikaoga maji moto. Nikachemsha ndengu, nikapika chapo. Saa mbili unusu simu, ni mbuyu. Alikuwa amesema atapitia kwangu achukue charger ya mathe.

"Uko jam wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia niko hao, nimekula. Yeye ako wapi?

"Nyayo Stadium." Nyuma yake naskia wiper na mahorni. "Tangu saa kumi na mbili."

Akanyamaza. Mi pia nikanyamaza, nikiangalia ile picha juu ya TV, afro na kengele mbili.

"Hizo chapati," akasema, "niwekee mbili."